Darasa Zima Linaitika, Nani Anasoma?

Mwalimu anaweka kijiti chini ya silabi ya kwanza ubaoni na sauti zaidi ya mia zinapaa kwa pamoja: "Ma! Me! Mi! Mo! Mu!" Anarudi mwanzo wa mstari, darasa nalo linarudi. Kwenye dawati la nyuma, karibu na dirisha, mtoto anaangalia mbuzi wanaokatiza uwanjani huku mdomo wake ukienda sambamba na wenzake bila kukosea. Ubaoni hajatazama. Mwite mbele, futa mstari wote, andika "mo" peke yake, kisha umuulize hiyo ni nini. Atakutazama usoni akisubiri umwanzishie. Ukimwambia "ma…" atateremka mpaka "mu" bila kupumua.

Wimbo ameushika wote. Herufi bado hajakutana nazo.

Walimu wa darasa la kwanza na la pili wa Kigoma na Tabora wanamfahamu mtoto huyu, na walimu wa darasa la nne wanamfahamu zaidi, kwa sababu amewafikia akiwa hivyo hivyo. Daftari lake limejaa mwandiko safi alionakili kutoka ubaoni. Mpe kitabu ambacho hajawahi kukiona, na sentensi ya kwanza itamshinda.

Maelezo yanayotolewa haraka ni msongamano. Msongamano upo, na hakuna mbinu ya darasani itakayogeuza watoto 130 kuwa 45. Ila ukiutazama kwa karibu utaona kwamba idadi peke yake haimzuii mtoto kujifunza kusoma. Inachozuia ni masikio ya mwalimu. Mwalimu hawezi kumsaidia mtoto ambaye hajamsikia akisoma peke yake, na katika darasa kubwa zinaweza kupita wiki, hata muhula mzima, bila sauti ya mtoto mmoja kusikika ikiwa imetengana na za wenzake. Ndiyo maana mbinu yoyote unayoletewa, iwe kwenye semina, kwenye kiongozi cha mwalimu au humu, naomba uipime kwa swali moja: itanisaidia kumsikia mtoto mmoja mmoja, au itazidisha kelele tu?

Idadi hizi zilitoka wapi

Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, na Januari 2016 watoto waliokuwa wamebaki nyumbani kwa sababu ya pesa walianza kumiminika shuleni. Lilikuwa jambo jema na linabaki kuwa jema. Lakini vyumba, madawati na walimu havikuongezeka kwa kasi ile ile. Uwiano unaotajwa na serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Huko vijijini darasa la kwanza kuvuka mia ni jambo la kawaida, na shule nyingi huendesha zamu mbili, moja asubuhi na nyingine mchana, ndani ya chumba kile kile.

Kwenye mwaka huo huo wa 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguzwa ukaelekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na ufundishaji wa kusoma ukaanzia kwenye sauti za herufi badala ya majina yake. Mikoa yetu miwili ilipata msaada wa ziada pia. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharamiwa na Uingereza na kuanza mwaka 2014, ulifanya kazi Kigoma na Tabora miongoni mwa mikoa mingine, ukilenga hasa mafunzo ya walimu. Kwa hiyo walimu wengi wa huku wamekwisha kusikia habari za sauti, silabi na maneno. Kilichobaki kigumu ni kuzifanya zifike kwa mtoto wa dirishani.

Ugumu uliojificha ndani ya urahisi

Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto akishika sauti za herufi, pamoja na zile zinazoandikwa kwa alama mbili au zaidi kama ch, sh, ny na ng', na akaweza kuziunganisha, hakuna neno la Kiswahili litakalomshinda kulitamka. Watoto wa Uingereza wanahangaika miaka kwa sababu lugha yao haina utaratibu huo.

Utaratibu huo huo ndio unaotega. Silabi zikipangwa kwa mstari ule ule kila siku zinakuwa wimbo, na mtoto wa miaka sita au saba anashika wimbo upesi kuliko anavyoshika herufi. Wengi wetu tulifundishwa "ba be bi bo bu", nasi tunafundisha vile vile, kwa mpangilio ule ule na mapigo yale yale.

Dawa yake haigharimu hata chaki ya ziada. Mstari ukishafahamika, uvuruge: mu, ma, mo, mi, me. Kesho yake changanya familia mbili za silabi: ma, to, mi, ta, mu. Kisha waunganishe: moto, mito, tamu. Halafu, na hapa ndipo walimu wengi wanaposita, andika neno lisilokuwepo kabisa, kama "metu" au "tamo". Mtoto hawezi kulikumbuka kwa sababu hajawahi kulisikia, wala hawezi kulibahatisha kwa picha iliyo kando yake. Akilitamka sawasawa, ujue amesoma. Waambie mapema kwamba ni neno la kuchezea, ili wasipoteze muda kutafuta maana.

Sehemu inayostahili muda mrefu kuliko inavyopewa ni konsonanti zinazotanguliwa na sauti ya pua. Pitia madaftari ya darasa la pili na utakutana na "buzi" kwa mbuzi, "dizi" kwa ndizi, "goma" kwa ngoma. Kwa kawaida mwalimu anaweka alama ya kosa, anaandika neno sahihi pembeni na kumtaka mtoto alirudie mara kumi. Mtoto analinakili mara kumi, na wiki inayofuata anaandika "dizi" tena. Sababu ni kwamba tatizo halipo mkononi, lipo sikioni. Anaposema "ndizi" anaisikia sauti hiyo kama kitu kimoja, na ile n iliyotangulia haijajitenga kichwani mwake.

Waambie wazibe pua kwa vidole viwili na waseme "mbuzi". Itatoka "buzi", au sauti itakwama kabisa. Waachie pua, waseme tena, safari hii kidole kikiwa kimewekwa ubavuni mwa pua. Watahisi mtetemo kabla ya b. Rudia kwa ndizi, ngoma, njaa. Watacheka, na wacheke, maana kicheko hicho kinawafanya wakumbuke. Kisha andika "buzi" na "mbuzi" ubaoni, uwaulize ni lipi lenye mtetemo. Mtoto aliyehisi m kwenye pua yake ana sababu ya kuiandika. Hapa hakuna zana ya kununua, na watoto wote mia wanafanya kwa wakati mmoja, huku wewe ukipita katikati ya madawati ukiangalia nani amekunja uso kwa kutoelewa.

Mtoto anapofika shuleni na lugha nyingine

Ujiji na Tabora mjini Kiswahili kimekaa tangu enzi za misafara, na mtoto wa huko anakuja shuleni akiwa nacho mdomoni. Toka nje kidogo hali inabadilika. Vijijini Kasulu, Buhigwe au Kibondo mtoto amelelewa kwa Kiha. Uyui na Sikonge ni Kinyamwezi, na mara nyingi Kisukuma pia. Siku ya kwanza darasani mtoto huyu anapewa kazi mbili kwa mpigo: ajifunze lugha, na ajifunze kusoma lugha hiyo hiyo ambayo bado haisikii vizuri.

Akisoma "kisima" kwa usahihi bila kujua kisima ni nini, kusoma kwake kunaishia midomoni. Wiki za mwanzo za darasa la awali na la kwanza, kwa hiyo, zinahitaji mazungumzo mengi kuliko chaki. Simulia hadithi fupi kwa vitendo, uirudie kesho na keshokutwa mpaka waanze kukumalizia sentensi. Watoe nje wataje wanavyoviona. Waamkie kwa "Mwakeye" au "Mwangaluka" kabla ya "Hamjambo", na utaona mabega yakishuka. Mtoto akikujibu kwa Kiha, jibu lake likiwa sahihi, lipokee kwanza kama jibu sahihi, kisha mlirudie pamoja kwa Kiswahili. Mwalimu aliyepangiwa kazi huku akitokea mkoa mwingine na hajui lugha ya wenyeji ana msaada mkubwa ndani ya chumba: wale watoto watatu au wanne wanaozifahamu lugha zote mbili. Wakalishe wametawanyika, wasiwe kikundi kimoja mbele.

Jambo jingine linalowaumiza watoto bure ni kuchanganya lafudhi na kusoma. Sauti kama dh, th na gh hazimo katika lugha nyingi za bara. Mtoto akikutana na "dhahabu" akatamka "zahabu", amesoma: ameiona herufi, ametambua neno, amelitoa kwa ulimi alionao. Msahihishe matamshi kwa upole wakati wake ukifika, lakini usimwandike kuwa hajui kusoma. Nimeona mtoto akikalishwa chini kwa kosa hilo, na baada ya hapo hakunyoosha mkono tena kipindi chote.

Kumsikia mmoja kati ya mia

Kuitikia kwa pamoja kusifutwe. Mtoto mwenye aibu anajaribu sauti mpya akiwa amejificha ndani ya sauti za wenzake, na hilo ni zuri. Shida inaanza pale kuitikia kunapotumiwa kama kipimo. "Mmeelewa?" "Ndiyooo!" Jibu hilo halina habari yoyote ndani yake. Tumia kuitikia kwa mazoezi, na ukitaka kujua nani anajua, vunja kwaya.

Ivunje kwa ngazi. Darasa zima lisome, halafu safu ya dirishani peke yake, halafu dawati moja, halafu mmoja. Wewe mwenyewe unyamaze. Walimu wengi tunasoma pamoja na watoto bila kujijua, na watoto wanatufuata sisi badala ya kuufuata ubao.

Unapouliza swali kwa mtu mmoja, uliza kwanza, subiri, ndipo utaje jina. Ukitaja jina mwanzoni, wengine wote wanapumzika. Na kusubiri kwenyewe kuna uzito kuliko kunavyoonekana. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima katika miaka ya 1970 muda ambao walimu wanasubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja tu. Walimu walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na waliokuwa wakikaa kimya walianza kujibu. Mfikirie sasa mtoto wa Buhigwe ambaye anapaswa kulisikia swali kwa Kiswahili, kulielewa kwa Kiha, kupata jibu, na kulirudisha kwa Kiswahili. Sekunde moja kwake ni sawa na kutoulizwa kabisa.

Nani aitwe? Tukiachia mikono iliyonyooshwa, wataitwa wale wale wanane wa mbele mwaka mzima. Andika majina yote kwenye vijiti au vipande vya boksi, vitie ndani ya kopo lililosafishwa, uvute kimoja kila unapouliza. Kijiti kilichokwisha kutoka kirudishe humo humo. Ukikiweka kando, aliyekwisha kuitwa anajua yuko salama mpaka kesho.

Zipo pia njia za kuwasikia wote bila mtu kufungua mdomo. Waambie wafumbe macho. Utataja maneno: lenye sauti ya m mwanzoni, mikono kichwani, lisilo nayo, mikono magotini. Kwa kuwa macho yamefumbwa hakuna wa kuigiza, na wewe unaona ndani ya sekunde mbili nani ameweka haraka, nani amesita, nani amekosea. Kwenye hesabu, jibu lionyeshwe kwa vidole vilivyobanwa kifuani ili jirani asivione. Na kwa kuandika, mchanga unatosha. Udongo wa Tabora una kichanga kingi na kivuli cha mwembe hakikosekani. Shule za kando ya Ziwa Tanganyika nazo zina mchanga wa kutosha. Kila mtoto anasawazisha eneo la ukubwa wa daftari, unataja silabi, anaiandika kwa kidole, anakaa nyuma yake. Unapita mstari mmoja hadi mwingine ukisoma mia ya majibu. Akikosea anafuta kwa kiganja na hakuna alama nyekundu inayobaki.

Hizo zote zinakupa picha ya jumla. Kwa undani, hakuna mbadala wa kumketisha mtoto karibu yako na kumsikiliza akisoma. Hapa walimu wananiambia haiwezekani kwa idadi tuliyonayo, na nawaelewa, lakini hebu tuifanye hesabu. Sikiliza watoto watano kwa siku, kila mmoja dakika mbili. Ni dakika kumi kati ya kipindi cha dakika 30, wakati wengine wanaandika au wanasoma wawili wawili. Kwa wiki ni watoto 25, na darasa la mia moja linakwisha kwa wiki nne. Kila mtoto anasikilizwa mara moja kwa mwezi wa masomo. Si nyingi. Ukilinganisha na kutosikilizwa kabisa, tofauti yake ni kubwa sana.

Tenga daftari moja kwa kazi hiyo. Majina upande wa kushoto, kisha nguzo nne: sauti, silabi, neno, sentensi. Weka tarehe kwenye nguzo aliyoifikia, na kama kuna sauti inayomsumbua iandike pembeni, "gw", "ng'", au chochote kile. Baada ya mwezi wa kwanza daftari hilo litakueleza mambo ambayo mtihani hauelezi. Unaweza kukuta watoto 30 wamekwama kwenye silabi, na kati yao 20 wanakwama kwenye familia zile zile mbili, ambazo labda zilifundishwa wiki ambayo nusu ya darasa haikuwepo. Hapo hurudii kila kitu. Unarudia hizo mbili.

Wanaosoma wawili wawili nao wafundishwe namna ya kusomeana, la sivyo ni vurugu. Mmoja anaweka kidole chini ya neno na kusoma kwa sauti ya kunong'ona, mwingine anafuata kwa macho. Msomaji akikwama, mwenzake anahesabu kimoyomoyo mpaka tatu kabla ya kumsaidia, na anamsaidia sauti ya kwanza tu. Chukua siku mbili tatu kuwaonyesha mbele ya darasa namna inavyofanyika. Siku hizo hazipotei.

Kwa darasa la tatu hadi la sita, ambako watoto wasiojua kusoma wamejificha vizuri zaidi, kuna wazo lililotoka India ambalo limesafiri mbali. Shirika la Pratham lilianza kuwapanga watoto kwa kile wanachokiweza, bila kujali darasa walilopo, kwa sehemu ya siku. Wa silabi pamoja, wa maneno pamoja, wa aya pamoja. Tathmini iitwayo Uwezo, inayopima kusoma na kuhesabu kwa watoto na iliyoanza nchini kwetu mwaka 2010 kwa kuiga ile ya India ya 2005, ilitumia ngazi za aina hiyo na kuonyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mwalimu anayemfundisha mtoto huyo viumbe hai na mazingira kutoka kitabuni anamwaga maji kwenye gunia. Nusu saa kwa siku ya kurudi kwenye silabi, bila kumwaibisha kwa kumrudisha darasa la chini, inamrudishia masomo mengine yote.

Kosa lina habari ndani yake

Chukua hesabu hii: 42 kutoa 17. Katika darasa la pili au la tatu, idadi kubwa ya watoto wataandika 35. Alama ya kosa inawaambia wamekosea, lakini haiwaambii, wala haikuambii wewe, wamekosea wapi. Jiulize 35 imetokaje. Mtoto ametazama mamoja akaona 2 na 7. Aliwahi kuambiwa huwezi kutoa kubwa kwenye ndogo, basi akatoa 2 kwenye 7, akapata 5. Kwenye makumi akatoa 1 kwenye 4, akapata 3. Amefikiri, na amefuata kanuni aliyoielewa vibaya. Kumpa hesabu ishirini nyingine za aina hiyo ni kumpa nafasi ya kuikomaza kanuni hiyo mara ishirini.

Mwambie alete vijiti, mabua ya mtama yaliyokatwa au vijiti vya ufagio. Afunge mafungu manne ya kumi kumi kwa uzi, na abakishe viwili nje. Hiyo ni 42. Mwombe akupe saba. Anavyo viwili tu mkononi, na hapo anakwama kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo ubao haukumfanyia. Mwache akae na tatizo hilo kidogo. Wengi watafungua fungu moja bila kuambiwa. Sasa ana mafungu matatu na vijiti 12. Anatoa saba, vinabaki vitano. Anatoa fungu moja, yanabaki mawili. Ni 25. Ndipo umwonyeshe jinsi ya kuliandika tendo hilo alilokwisha kulifanya, kile tunachokiita "kuazima", ubaoni.

Mtoto huyo huyo akitumwa dukani na noti ya elfu mbili kununua kitu cha mia saba, anarudi na elfu moja na mia tatu na anajua kama ameibiwa. Akili ya kutoa anayo. Kinachokosekana ni daraja kati ya duka na daftari, na vijiti ndivyo daraja lenyewe.

Woga unaharibu haya yote. Mtoto anayejua kwamba kosa litamletea fimbo au kicheko atajificha ndani ya kuitikia na hutamwona kamwe. Akikosea, usimwambie "kaa chini". Mwambie "subiri, nitarudi kwako", mwachie mwenzake ajibu, kisha urudi kweli na umwombe alirudie jibu kwa maneno yake. Kurudi ndiko kunakofanya kazi. Ukisahau mara mbili tatu, hawatakuamini.

Kalenda ya shamba na ya ziwa

Shule inafungua Januari. Mvua zimeanza Novemba na zitaendelea mpaka Aprili hivi. Maana yake mtoto wa darasa la kwanza anaanza kufundishwa sauti za mwanzo katikati ya msimu ambao familia yake inahitaji kila mkono. Urambo, Kaliua na Sikonge kuna tumbaku. Milimani Kigoma kuna maharage na mihogo. Kwenye vijiji vya ziwani, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na asubuhi yake kuna kazi ya kuanika. Mwezi ukiwa mpevu, shughuli hupungua.

Kupambana na utoro ni kazi ya wazazi, kamati ya shule na serikali ya kijiji, na ifanyike. Lakini mwalimu ana jambo lake moja la kufanya ambalo halisubiri kikao: asifundishe sauti mpya wiki ambayo anajua nusu haipo, na asifundishe sauti yoyote mara moja tu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio yaliyoonyesha jinsi mtu anavyosahau haraka alichojifunza, na jinsi kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunavyokifanya kikae. Dakika tano za mwanzo wa kila kipindi zirudi kwenye sauti ya jana, ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita. Aliyekuwepo inamkaa, na aliyekuwa shambani anaikuta inamsubiri.

Anayepanga vipindi

Mengi ya haya yapo nje ya uwezo wa mwalimu mmoja, na hapa nasema na walimu wakuu. Tabora ina historia kubwa ya shule. Nyerere alisoma sekondari pale kuanzia mwaka 1937, na katika miaka ya 1940 alirudi kufundisha St. Mary's. Heshima hiyo ya mkoa imejengwa juu ya sekondari, na fikra hiyo imeteremka mpaka shule za msingi: walimu hodari wanapelekwa darasa la mtihani, na darasa la kwanza anapewa aliyebaki. Naliona hilo kuwa kosa la gharama kubwa kuliko upungufu wa madawati. Mtoto asiyesikilizwa darasa la kwanza atafika darasa la mtihani akiwa amebeba shida ambayo mwalimu hodari wa huko hana muda wa kuitatua.

Vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, vinaweza kutumika vizuri zaidi kuliko kusomeana moduli. Kila mwalimu aje na madaftari matano ya darasa lake, walimu wayatandaze mezani na wajiulize swali moja tu: huyu alifikiri nini alipoandika hivi? Saa moja ya namna hiyo itawafunulia "dizi" na 35 zilivyojaa katika madarasa yao yote.

Na pale ambapo walimu wawili wanapishana kwa zamu, au wana mikondo miwili iliyobanwa kwenye chumba kimoja, kuna mpango unaoweza kuanza Jumatatu ijayo bila kibali cha mtu. Mmoja aongoze darasa lote kwa nusu kipindi. Mwingine achukue kiti, atoke barazani na kitabu kimoja na daftari lenye nguzo nne, na aite watoto watano. Nusu ya pili wabadilishane.